Mwenyekiti wa Kwanza Mwanamke na Jogoo Wake

Nianze na stashahada yangu, maana ndiyo inayoonekana kwanza mtu akiingia ofisini kwangu Kihonda. Imening'inia juu ya friji ya juisi, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, na kioo chake nakifuta mwenyewe. Ni Stashahada ya Utawala wa Umma, kutoka India. Sikupelekwa na serikali, wala na padri, wala na ndugu mwenye cheo. Nilijipeleka. Nilibeba mikungu ya ndizi kutoka milimani hadi Mkuyuni, nikauza. Nikapanda ngazi, nikawa nauza mananasi ya wenzangu. Nikaenda Dar kushusha mizigo Kariakoo, na siku niliyopanda ndege begi langu lilikuwa moja na kufuli lake lilikuwa bovu. Leo nina kiwanda changu kidogo cha juisi, na majirani wananiita mheshimiwa ingawa sijawahi kugombea chochote. Siwakatazi.

Fremu ile niliitengenezesha mjini, kwa bibi mmoja wa Kihindu mwenye duka la vioo. Nilipompa stashahada aipime, nilimweleza India ilivyo: treni zake, pilipili zake, joto lake la kabla ya mvua. Alisikiliza huku akikata kioo.

"Kumbe umekaa kweli," akasema.

"Kwani bibi hujawahi kufika?"

"Mimi nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, dirisha la jikoni kwangu linatazama Uluguru. Niende India nikamsalimie nani?"

"Basi bibi, mimi ndiye Mhindi na wewe ndiye Mluguru."

"Sawa, Mhindi wangu. Sasa usiniombe nikupunguzie."

Nilimweleza pia habari ya ukumbi wa chuo chetu, na hapa ndipo kisa changu kinapoanzia. Ukumbi ule ulikuwa mrefu, na ukutani walitundikwa, kwa picha, watu wa kwanza. Namaanisha watu wa kwanza kushika vyeo vikubwa katika nchi ile. Alikuwepo waziri mkuu wa kwanza. Alikuwepo rais wa kwanza, aliyehamia katika jumba walilojijengea watawala wa Kiingereza. Alikuwepo mwanamke wa kwanza kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya jimbo, Spika wa kwanza mwanamke, na waziri mkuu wa kwanza mwanamke, ambaye wazee wa chama chake walimpa kiti wakidhani watamwongoza, kisha wao ndio wakaongozwa. Alikuwepo rais wa kwanza mwanamke, na pembeni yake rais wa kwanza kutoka makabila ya vilimani na misituni, naye mwanamke, aliyeanza na udiwani wa mji mdogo. Huyo nilikuwa nikimpita nampungia mkono. Nilimwona ni mtu wa kwetu.

Lakini niliyempenda zaidi alikuwa mwisho kabisa, karibu na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Ni msimamizi wa kwanza wa uchaguzi wa nchi ile. Hakuna aliyekuwa akisimama kumtazama. Mimi nilisimama. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu yule, bingwa wa hesabu, alikabidhiwa taifa ambalo watu wengi hawakujua kusoma, akaambiwa aliendeshee uchaguzi. Akawapa wagombea alama za picha, kila alama na sanduku lake, ili mpiga kura asihitaji herufi wala sura ya mtu. Wanawake wengi walikataa hata kumtajia karani majina yao, wakasema andika mama wa fulani, mke wa fulani. Na kabla ya siku yenyewe alifanya uchaguzi wa majaribio. Niliposikia hayo nilijua: nikirudi nyumbani, na mimi nitakuwa wa kwanza wa kitu.

Nafasi ilikuja kupitia bomba la maji.

Kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni, kuna bomba moja la maji ya mserereko kutoka mlimani. Lina kufuli. Ufunguo anakaa nao mwenyekiti wa kamati ya maji, na mwenyekiti tangu bomba lijengwe alikuwa mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Kwetu Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa mchezo. Yeye huamka, hunywa chai, husikiliza taarifa ya habari, husikiliza na matangazo ya vifo hata ya mikoa ambayo hajawahi kufika, ndipo hutoka na ufunguo. Wakati huo wanawake wamekwisha kupanga ndoo mlangoni kwake, na kila mmoja amekwisha kumwamkia shikamoo. Asiye na subira hushuka korongoni kuchota mtoni.

Mama mdogo wangu, mdogo wake mjomba kwa mama mmoja, hakuwa na subira. Alishuka korongoni asubuhi moja ya mvua, akateleza na ndoo yake, akakalia matope. Wanaokumbuka wanasema hakulia. Alikaa palepale kwenye matope akatangaza kwamba anagombea uenyekiti. Mwanamke hajawahi kuushika. Goti lake halijapona sawasawa mpaka leo, na alichotaka kilikuwa kimoja: ufunguo, bomba lifunguliwe alfajiri.

Wakahitaji msimamizi asiyependelea. Mgombea mmoja mjomba wangu, mwingine mama yangu mdogo, nimpendelee nani? Mtu wa kutopendelea kuliko mimi angetoka wapi? Na mwenye stashahada ya utawala ni nani mwingine milima ile? Nikafunga kiwanda, nikavaa suti, nikapanda.

Kijiji kilikuwa kimekwisha kukata shauri kwamba hawataki karatasi. Uchaguzi mmoja wa nyuma karatasi zilizidi watu. Safari hii watapanga mstari uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake, waonekane.

"Mstari hausemi uongo," mjomba alisema. "Mtu anasimama na nyayo zake."

"Hata mimi naunga mkono," nikasema. "Ni uwazi."

Ila nikadai siku ya majaribio, kama alivyofanya yule bingwa. Walinung'unika, lakini nilipowaambia kwamba nchi nzima ya India ilifanya majaribio wakaona aibu kitongoji kimoja kishindwe.

Jumapili ile tukakutana uwanja wa shule. Nikamsimamisha mjomba kulia, mama mdogo kushoto. Nikapiga filimbi. Wanawake wakaenda nyuma ya mama mdogo, wazee wakaenda nyuma ya mjomba. Wanaume wa makamo, wengi tu, wenye nguvu zao, wakabaki katikati wakitazama miti.

"Nyie vipi?" nikauliza. "Chagueni."

Mmoja akajikuna shingo. Mama mdogo akageuka kuwatazama, na papo hapo wakatawanyika migombani kama walioona nyuki. Uwanja ukabaki na vumbi.

Nikamfuata yule mkubwa wao, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya mgomba.

"Shemeji, mnamkataa mama?"

"Nani kamkataa? Sisi wote ni wake!"

"Sasa mbona mmekimbia?"

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, wewe umekaa sana Kihonda. Yule ni mkwe wangu. Nikasimame nyuma ya mkwe wangu, ubavu kwa ubavu, jua linawaka? Akigeuka je? Nimwambie nini?"

Hapo nikakumbuka kwetu. Kijijini kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia vichakani, hata kama amebeba gunia. Na wanaume wengi wa kitongoji kile wameoa kwetu wakahamia upande wa mke. Mama mdogo ana mabinti wengi, na mabinti wa dada zake wote wanamwita mama, kwa hiyo waume zao wote ni wakwe zake. Nusu ya kura zake zilikuwa migombani, zimechuchumaa.

Nilipogeuka nikamwona mjomba anatabasamu mpaka masikioni.

"Mstari hausemi uongo," akarudia.

Mama mdogo akaja akichechemea. "Mwanangu, ndiyo elimu yenyewe hiyo? Umenipangia mstari, watoto wangu wamekimbia?"

Mtu mwingine angeishiwa maneno. Mimi nilimkumbuka yule bwana wa ukumbini, karibu na ndoo ya mchanga. Nikaita mkutano palepale.

"Ndugu zangu," nikasema, "huko India wapiga kura hawakuhitaji kumwona mgombea. Walichagua alama. Siku ya uchaguzi wagombea watakaa pembeni, wasionekane. Hapa uwanjani zitakaa alama zao. Mstari unapangwa nyuma ya alama!"

Migomba ikatikisika. Vichwa vya wakwe vikachomoza.

"Mkwe hatakuwepo?" mmoja akauliza kutoka huko.

"Hatakuwepo!"

"Hata kwa mbali?"

"Hata kwa mbali!"

Wakapiga makofi huku wamechuchumaa.

Nikawaambia wagombea wachague alama. Mjomba akachagua redio yake. Mama mdogo akasema, "Mimi jogoo wangu."

"Mama mdogo, chukua kitu kinachotulia. Chukua ungo."

"Ungo unaamka saa ngapi? Nataka jogoo. Huyu anaamka kabla ya kaka."

Watu wakacheka, na nikaona kampeni imekwisha kumfanyia kazi kwa sentensi moja. Lakini mimi ni mtaalamu. Nikaiona hatari ya alama yenye miguu. Nikaweka sheria, nikaitamka mara kadhaa: alama ilipo ndipo mstari ulipo. Ukiiacha alama yako kabla sijahesabu, kura yako imekufa.

"Sheria nzuri sana!" mjomba akadakia, kwa sauti kubwa kuliko yangu. "Ishikwe hivyohivyo! Jogoo akikimbia, kura zimekufa!"

Nikaandika, akatia sahihi wa kwanza.

Siku ya uchaguzi nilifika na filimbi mpya na tai ya chuo. Mjomba nikamkalisha darasani, upande wa mbele. Mama mdogo nikamkalisha nyuma ya madarasa, kwenye benchi karibu na vyoo vya shule, mahali ambapo hakuna mtu angemwona. Redio ikawekwa juu ya kiti. Jogoo nikamfunga mguu kwa kamba ya katani kwenye mti wa bendera. Nikapiga filimbi.

Wakwe wakatoka migombani vifua mbele. Sijawahi kuona wanaume wanaojipanga kwa furaha namna ile. Wakasimama nyuma ya jogoo na wanawake, wananyoosha mikono kupima nafasi kama wanafunzi. Nilijisikia kulia. Nikasema moyoni, bwana wa ndoo ya mchanga, ungekuwepo ungeona.

Ndipo mjomba akatoa kichwa dirishani na kuagiza mtu aongeze sauti ya redio. Kulikuwa na mpira. Timu mbili kubwa za Dar zilikuwa uwanjani, na mtangazaji alikuwa anapaza sauti kama nyumba inaungua. Vijana waliokuwa wamesimama tu, hawana mgombea, wakasogea kusikiliza. Wakasogea tena. Wakajikuta wako mstarini. Kila mpira ukikaribia goli mstari wa mjomba unarefuka. Hata mkwe mmoja nilimwona anainamisha sikio, mwenzake akamvuta shati.

"Mjomba, hiyo ni rushwa!" nikamwambia dirishani.

"Rushwa gani? Alama yangu inaongea, yako imefungwa mguu. Nikusaidieje?"

Nikatazama mistari. Mstari wa redio ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa jogoo. Ukweli ni huo. Nilikuwa nimeinua mkono nianze kuhesabu, na ninawaambia wazi kwamba mkono wangu ulikuwa mzito.

Hapo ndipo alipotokea mtani.

Kila ukoo wa kwetu una ukoo wa watani. Mtani akija msibani anakucheka, akija harusini anakaa kiti cha bwana harusi, na akiona kuku wako akamtaka, anamchukua, na wewe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Mtani wetu huyu ni bonge la mtu, anauza mihogo Mkuyuni, hutembea na mabuti ya mvua hata kiangazi. Alikuwa akipita zake. Akaona jogoo mnene, amefungwa, na ukoo wetu mzima umejipanga nyuma yake kwa heshima.

"Haa!" akasema. "Watani zangu mmeanza kuabudu kuku?"

"Mtani, tafadhali," nikasema, "hii ni shughuli ya kisheria."

"Sheria ya kuku ni mchuzi."

Akafungua kamba, akamtia jogoo kwapani, akaondoka.

Wakwe wakanitazama. Wanawake wakanitazama. Sheria ilikuwa imesemwa, imeandikwa, na imetiwa sahihi: alama ilipo ndipo mstari ulipo. Yule shemeji mkubwa akapiga hatua moja nyuma ya mtani. Wa pili akamfuata. Mtani akageuka akaona mstari unamfuata, akaongeza mwendo. Mstari ukaongeza mwendo. Mtani akaanza kukimbia na mabuti yake, pwata pwata, na mstari mzima ukakimbia nyuma yake, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna aliyempita mwenzake, maana wote walikuwa waoga wa kura kufa. Wanawake wakaanza kuimba. Wakazunguka mti wa bendera. Wakapita bustani ya mchicha ya walimu.

"Mbona mnanifuata?" mtani akapiga kelele. "Ni kuku mmoja tu! Nitarudisha miguu!"

Mstari wa mjomba ukaanza kucheka. Mmoja akasogea pembeni aone vizuri. Mwingine akapanda kichuguu. Mtani alipokata kona kuelekea nyuma ya madarasa, wakashindwa kuvumilia. Wakakimbia wote kwenda kuangalia, wazee kwa vijana, na mjomba mwenyewe akaruka dirisha. Nyuma ya redio akabaki mzee mmoja aliyekuwa amelala, na mtangazaji akatangaza goli, hakuna wa kulishangilia.

Nami nikakimbia, suti na yote, kwa sababu nilikumbuka kilichokuwa nyuma ya madarasa.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi lake, goti amelinyoosha, anachambua mboga. Akainua macho. Akamwona mtani anakuja na jogoo wake kwapani, na nyuma ya mtani, kama treni, wakwe zake wote.

Shemeji mkubwa akafunga breki. Wa nyuma yake akamgonga, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, mpaka mstari ukajikunja kama kiwavi. Wakainamisha vichwa. Mmoja akafunika uso kwa kofia. Nikaona visigino vinageuka kuelekea migombani, na nikajua kura zinakufa mbele ya macho yangu.

"Msikimbie!" nikapiga kelele. "Msiiache alama!"

"Shemeji, mkwe yule pale!" shemeji akalia. "Tutafanyaje?"

Na mama mdogo, mwenye goti bovu, ambaye hajawahi kukaa darasa lolote la utawala, ila ana mpwa aliyekaa, akainuka, akampokonya mtani jogoo, akaingia naye katika choo cha kwanza, akafunga mlango wa bati kwa ndani.

Jogoo akawika chooni.

Wakwe wakainua vichwa taratibu. Mkwe haonekani. Alama ipo, inasikika. Shemeji mkubwa akasogea, akasimama mbele ya mlango wa choo, akajinyoosha. Mstari ukanyooka nyuma yake, wanaume kwa wanawake, ukapita benchi, ukapita pipa la maji, ukaishia kwenye mibuni.

"Mtani!" yule mtani akaita, akihema. "Ukitaka karatasi sema, nikuletee!"

"Kalete muhogo," mama mdogo akajibu kutoka ndani. "Naona nitakaa."

Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu, mbele ya watu wote. Kisha nikaenda uwanjani nikamhesabu yule mzee aliyelala, nikarudi, nikatangaza.

Mjomba akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. "Haiwezekani! Mwanangu, umeona wapi mtu anachaguliwa akiwa chooni? Huko India ilikuwa hivyo?"

"Mjomba, huko India alama ndiyo inayochaguliwa. Hakuna kifungu kinachosema mgombea akae wapi. Na watu wako waliiacha redio."

"Walikwenda kutazama!"

"Na wewe ulitia sahihi. Hivyohivyo, ulisema."

Mjomba akageuka. Akaupita mstari wote, akafika mlangoni pa choo, akasimama. Yeye si mkwe, ni kaka, anaruhusiwa. Watu wakanyamaza ili wasikie.

"Toka," akasema.

"Siwezi kutoka, kaka. Wakwe zangu wako mlangoni. Nipe ufunguo hapahapa."

"Nikikataa?"

"Nitakaa. Nina jogoo, nina kivuli."

Mjomba akaushika ufunguo uliokuwa shingoni kwake kwenye kamba ya kiatu. Akaugeuza, akaugeuza tena. Aliposema, sauti yake haikuwa ile ya dirishani.

"Asubuhi zote watu wanakuja mlangoni kwangu. Wanaamkia mmoja mmoja. Ufunguo ukiondoka, nani atakuja kuniamkia? Nitakaa na redio tu?"

Mimi nilitazama tai yangu.

"Kaka," mama mdogo akasema. "Nitafungua bomba, nitajaza ndoo yako ya kwanza, nitakuletea mlangoni. Kabla ya taarifa ya habari. Nitakuamkia mimi kwanza."

"Na goti hilo?"

"Goti linauma likishuka korongoni. Kuja kwako ni tambarare."

Mjomba akaufumba ufunguo kiganjani.

"Shikamoo, kaka," ikatoka sauti chini ya mlango.

"Marahaba," akasema. Akavua kamba shingoni, akainama, magoti yake yakilia, akasukuma ufunguo chini ya mlango wa bati.

Watu walishangilia mpaka jogoo akachanganyikiwa. Mimi nikapiga filimbi, nikaamuru wakwe wote wageuke wampe mgongo mwenyekiti mpya ili atoke. Wakageuka kwa pamoja, kama askari wa Ngerengere. Mlango ukafunguka, na hapo nikatoa simu nikapiga picha, kwa sababu kule India nilijifunza kwamba mtu wa kwanza lazima atundikwe.

Tangu siku ile bomba hufunguliwa jogoo akiwika. Tulipata shida moja ndogo: mwenye ufunguo akiwa bombani, wakwe hawawezi kusogea. Nikaitatua vilevile kwa njia ya alama. Mama mdogo akiwepo, kanga yake nyekundu inaning'inia kwenye nguzo ya bomba. Akimaliza anaiondoa, na ndoo za wanaume zinatoka migombani. Mjomba anapata ndoo yake mlangoni. Nasikia sasa anaamka mapema, eti asimkute mdogo wake amesimama anamsubiri na shikamoo yake, na watu wengine, wakimwona ameketi nje, nao wanaingia kumsalimia.

Picha niliipeleka kwa bibi wa fremu. Aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. Kuna mlango wa choo uko nusu wazi, kuna mkono umeshika ufunguo, kuna kichwa cha jogoo kinachungulia, na kuna mstari mrefu wa wanaume wamegeuza migongo.

"Mhindi wangu," akasema, "hiki ni choo."

"Bibi, huyo ni mwenyekiti wa kwanza mwanamke wa kamati yetu ya maji."

"Uso wake uko wapi?"

"Hauhitajiki. Wapiga kura wake hawaruhusiwi kuuona."

Akacheka mpaka akaweka kisu cha kioo mezani. Kisha akachukua fremu ya dhahabu, aina ileile na ya stashahada yangu.

Zote mbili zipo ukutani kwangu Kihonda, sawa kwa urefu. Wateja wengi huiona stashahada kwanza, lakini wanauliza ya choo. Nawakaribisha kiti, nawapa juisi, naanzia India.